Mji Ambao Watu Wanauendea Kufa

Wajameni, nimerudi salama. Wengi mmeniuliza nilipotelea wapi, na kila nikijibu "Varanasi" mtu anakunja uso. Ukisema Taj Mahal watu wanaelewa. Ukisema Mumbai au Chennai ndiyo kabisa, kwa sababu ya sinema na kwa sababu kila ukoo una mtu aliyekwenda kutibiwa huko. Lakini Varanasi? Basi kaeni mkao wa kula, leo nitasema mengi.

Nilitoka Delhi kwa treni ya usiku, behewa la vitanda vitatu vitatu, mimi nikiwa kitanda cha juu kabisa, pua yangu ikikaribia kugusa feni. Mzee wa kitanda cha chini aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nikamwambia mimi ni mwandishi wa habari, nipo likizo, nataka kuona mji wa kale. Akanyoosha kidole kwa mama mmoja mzee sana aliyelala kitanda cha pili, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, akasema kwa Kiingereza cha taratibu: huyu ni mama yangu, yeye anakwenda kufa.

Nilidhani sikusikia vizuri. Kumbe nilisikia vizuri sana.

Mji huu una majina matatu na wenyewe wanayatumia yote. Kashi ndilo la kale na la heshima, Banaras ndilo la mtaani, na Varanasi ndilo la serikali, lililorudishwa rasmi mwaka 1956. Wengi watakwambia linatokana na vijito viwili vinavyoupakana mji, Varuna kaskazini na Assi kusini. Katikati yake umejipanga ukingoni mwa mto Ganga, upande mmoja tu, magharibi. Ng'ambo ni mchanga mtupu. Hapo mto unageuka na kuelekea kaskazini, kule milimani ulikotoka, na Wahindu wanaona jambo hilo si la bahati. Ukikaa kwenye ngazi za mawe asubuhi, jua linachomoza mbele yako juu ya maji bila kuzuiwa na chochote. Ngazi hizo huitwa ghat, ziko zaidi ya 80, na kila moja ina jina lake, mwenyewe wake na visa vyake.

Sasa tuje kwenye umri, maana hapa ndipo nilipoanza kubishana na waongoza watalii. Kila mmoja anasema huu ndio mji wa kale kuliko yote duniani, wengine wanafika mpaka miaka 5,000. Tuseme ukweli: wanaakiolojia waliochimba Rajghat, pembezoni kaskazini mwa mji, walikuta makazi ya tangu karibu karne ya 8 kabla ya Kristo. Hiyo peke yake inatosha kumtia mtu adabu. Buddha alipotaka kutoa mahubiri yake ya kwanza, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, alikuja Sarnath, kilomita 10 hivi kutoka hapa, kama vile mtu wa leo mwenye hoja mpya anavyotafuta jukwaa mjini. Mtawa wa Kichina Xuanzang alipita karne ya 7 na kuandika alichokiona. Na wale simba wa mawe ambao ni nembo ya taifa la India tangu 1950, walichimbuliwa Sarnath, kwenye nguzo ya mfalme Ashoka.

Lakini tafuta jengo la kale uliguse kwa mkono wako. Hulipati! Nilizunguka siku mbili. Jumba hili, karne ya 18. Hekalu lile, karne ya 18. Mwaka 1194 jeshi la Waghori lilivunja mahekalu ya Kashi, yakajengwa tena, yakavunjwa tena, yakajengwa tena. Sehemu kubwa ya sura unayoiona kwenye picha, zile ngazi na majumba ya mawe, ni kazi ya watawala na matajiri wa Kimaratha wa miaka ya 1700, watu waliotoka mbali kuja kujenga mji wa kale upya. Kwa hiyo mawe ni vijana na kumbukumbu ni nzee. Nilipoelewa hivyo niliacha kubishana na waongoza watalii, nikaanza kuwauliza maswali mengine.

Hekalu kuu, la Vishwanath, yaani Shiva bwana wa ulimwengu, ndilo mfano mkubwa. Mwaka 1669 mfalme Aurangzeb wa Wamoghuli aliamuru livunjwe, na hapo ukasimama msikiti wa Gyanvapi. Jina la msikiti lenyewe ni la Kisanskriti, maana yake kisima cha maarifa. Hekalu la sasa lilijengwa jirani, likakamilika 1780, kwa amri na fedha za mwanamke: Ahilyabai Holkar, malkia mjane wa Indore. Hakudai kuvunja msikiti. Alijenga pembeni. Miaka mia mbili na zaidi majirani hao wawili wakaishi bega kwa bega, wakinuniana mara nyingine.

Siku hizi hawanuniani tu, wako mahakamani. Ipo sheria ya 1991 inayosema kila nyumba ya ibada ibaki kama ilivyokuwa tarehe 15 Agosti 1947, siku ya uhuru. Hata hivyo kesi zikafunguliwa. Mwaka 2022 mahakama ikaagiza msikiti ukaguliwe, na tarehe 31 Januari 2024 jaji akaruhusu Wahindu wafanye ibada katika chumba kimoja cha chini ya msikiti huo. Nilipopanga foleni kuingia hekaluni (simu unaacha nje, kalamu pia waliichukua, mwandishi wa habari nikabaki na mikono mitupu kama mtoto) niliona kuba nyeupe za msikiti nyuma ya uzio mrefu wa vyuma, na askari wenye bunduki. Nje kuna uwanja mpana wa mawe mapya unaoshuka mpaka mtoni, uliofunguliwa na waziri mkuu Modi Desemba 2021. Pale palikuwa na nyumba mamia na vichochoro vyake. Wengine waliniambia wamepata hewa, wengine walinionyesha kwa kidole hewani mahali ilipokuwa jiko la bibi yao. Sisi tunaotazama majumba ya zamani katikati ya Dar yakigeuka minara ya vioo, tunaijua ishara hiyo ya kidole.

Msidhani lakini kwamba Banaras ni ugomvi tu. Sari za hariri ambazo bibi harusi wa Kihindu anazililia, kwa sehemu kubwa hufumwa na Waislamu wa mji huu. Bismillah Khan, Mwislamu aliyepuliza zumari lao la shehnai mpaka akapewa nishani kuu ya taifa mwaka 2001, alifanya mazoezi utotoni ndani ya hekalu ukingoni mwa Ganga. Alifariki Agosti 2006. Machi ya mwaka huohuo mabomu yalilipuka katika hekalu la Sankat Mochan na kwenye stesheni ya reli, watu zaidi ya 20 wakafa, kila mtu akasubiri ghasia. Viongozi wa dini wa pande zote mbili wakasimama pamoja. Ghasia hazikuja.

Haya, turudi kwa yule mama wa kwenye treni.

Imani ni hii: anayefia Kashi hazaliwi tena. Safari yake ya kufa na kurudi, kufa na kurudi, imekwisha. Ndiyo maana zipo nyumba za wageni za kufia. Moja maarufu, Mukti Bhawan, ipo tangu 1958. Unapewa chumba kitupu na muda wa kama wiki mbili. Ukichelewa kufa, kwa kawaida unaombwa umpishe mwingine. Nilicheka niliposikia hivyo. Kisha nikaacha kucheka.

Kwetu Kilimanjaro sisi tunasafirisha maiti. Mtu anafia Dar, michango inapitishwa, gari linakodiwa, jeneza linapanda usiku mpaka Marangu akalazwe kwenye kihamba chake. Hawa wanasafiri wakiwa hai. Babu yangu aliomba hivyo hivyo. Alikuwa amelazwa Dar, akasema nirudisheni nyumbani, nataka kuona mlima. Ukoo ukanigeukia mimi, msomi, mtu wa magazeti. Nikasema hapana, babu amalize dawa kwanza, mambo ya mlima baadaye. Alikaa siku kumi na moja akitazama ukuta wa rangi ya kijani. Alirudi Marangu ndani ya sanduku, na mimi nilikuwa kiti cha mbele nikimwelekeza dereva.

Kwa hiyo nilipofika Manikarnika, ngazi kuu ya kuchomea maiti, sikwenda kama mtalii kamili. Kuni zimepangwa kama ghorofa, zinapimwa kwa mizani kubwa kama ya mazao, na maskini na tajiri mnajulikana hapo kwa kuni mlizonunua. Moto unatunzwa na watu wa jamii ya Dom, ambao kwa karne nyingi wamedharauliwa kuwa najisi, na hata hivyo hakuna Brahmani anayewashiwa bila wao. Maiti inachovywa mtoni. Mtoto wa kiume mkubwa, kanyolewa kichwa, kavaa shuka nyeupe, anazunguka kuni na kuwasha. Saa tatu hivi. Mwishoni anarusha chungu cha maji juu ya bega lake, kinapasuka, anaondoka bila kugeuka nyuma. Moto huo hauzimwi usiku wala mchana. Picha hairuhusiwi, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii sikutamani kupiga.

Aliyenifurahisha kuliko wote ni Kabir, mshairi wa karne ya 15, mfumaji aliyelelewa na familia ya Kiislamu hapa hapa mjini. Watu walikuwa wakisema afiaye Kashi anakombolewa, na afiaye Maghar anazaliwa tena punda. Simulizi zinasema Kabir alipozeeka akafunga virago, akaenda kufia Maghar. Makusudi! Huko leo ana kaburi la Waislamu na mahali pa ukumbusho pa Wahindu, vyote viwili.

Na mto? Mchafu, sitawadanganya. Serikali ilizindua mpango wa kuusafisha hapa hapa mwaka 1986, mwingine mkubwa zaidi ukaja 2014, na mitaro bado niliiona. Veer Bhadra Mishra, aliyefariki 2013, alikuwa kuhani mkuu wa Sankat Mochan na papo hapo profesa wa uhandisi wa maji chuo kikuu. Kama mhandisi alipima kinyesi kilichomo, kama mwumini alijichovya humo kila asubuhi. Hakuacha kimojawapo.

Siku ya mwisho nilikutana na yule mzee wa treni sokoni, ananunua maua ya njano. Nikamwuliza hali ya mama. Akasema anakula vizuri, uji na maziwa, na wiki yao ya kwanza imekwisha. Alionekana hajui afurahi au ahuzunike. Akanialika nikamsalimie. Nikaenda. Mama akanishika mkono kwa muda mrefu akisema maneno nisiyoyaelewa, na mwanaye hakunitafsiria. Usiku ule nikampigia mama yangu simu, nikamwambia lile la babu, kwamba nilikosea. Akanyamaza kidogo, akaniuliza huko ni saa ngapi, na kama nimekula.