Maktaba Sanifu Nyepesi ya C

Lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, haijui yenyewe kuandika neno kwenye skrini. Haijui kufungua faili wala kuomba kumbukumbu. Kazi hizo zimewekwa nje ya lugha, katika mkusanyiko wa vitendakazi vilivyokwisha kuandikwa, mfano printf na malloc, ambavyo kila programu huviita inapovihitaji. Mkusanyiko huo ndio maktaba sanifu ya C.

Neno maktaba limezoeleka. Linalodai uangalifu ni sanifu, kwa kuwa lina sura mbili. Msanifu majengo husanifu, yaani hubuni kwa ustadi. Kiswahili sanifu ni kile kilichokubaliwa kitumike kote, kazi iliyosimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Istilahi yetu inachukua sura ya pili. Maktaba haiitwi sanifu kwa ubora wake, bali kwa kufuata waraka wa makubaliano uliopitishwa Marekani mwaka 1989, kisha shirika la kimataifa la viwango, ISO, likaupokea mwaka 1990 na kuendelea kuutolea matoleo mapya. Waraka huo hueleza kitendakazi kifanye nini. Namna ya kukiandika humwachia mwandishi. Ndiyo maana maktaba hizi ziko nyingi: glibc ya mradi wa GNU, Bionic ya Android, na musl.

Musl, iliyoanzishwa na Rich Felker na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2011, ndiyo inayolipa neno nyepesi maana yake halisi. Haikuwa nyepesi kwa kukata yaliyoagizwa. Imekuwa nyepesi kwa kukataa yasiyoagizwa. Kila uzi mpya wa programu, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine, huupa kilobaiti 128 za kuhifadhia hesabu zake za muda, pale ambapo glibc kwenye Linux kwa kawaida hutenga megabaiti 8. Programu iliyozoea ukarimu huo huweza kuanguka ikihamishiwa musl, na mwenyewe akailaumu maktaba. Lawama hiyo naiona si ya haki, kwa kuwa waraka wa C haukuahidi megabaiti 8 popote.

Lipo jambo jingine ninalolistahi zaidi. Musl haitangazi jina lake kwa kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, na imefanya hivyo makusudi. Programu haiwezi kuuliza, "Je, wewe ni musl?" Inalazimika kuuliza kama kitendakazi fulani kipo na kinafanya kazi ipasavyo. Huko ndiko kukidhi kiwango.

Wepesi huo umeivutia mifumo ya uendeshaji: Alpine Linux iliihamia musl mwaka 2014, OpenWrt ikafuata mwaka 2015, nayo huendesha ruta zenye kumbukumbu ndogo mno.

Basi wafasiri wenzangu, tuandike maktaba sanifu nyepesi, na tuliepuke neno rahisi. Wepesi huu ni wa mzigo unaobebwa na mashine. Kuiandika maktaba ya namna hiyo ni kazi ngumu.