Mtawa na Madaftari ya Wachuuzi

Vijana tunaowafundisha masomo ya biashara katika sekondari hutuuliza: daftari la duka lina habari gani na dini? Twawajibu kwa Luca Pacioli wa Italia. Alikuwa angali kijana alipowafundisha hesabu wana watatu wa mchuuzi wa Venezia. Mwaka 1470 akawaandikia kitabu. Baadaye akawa mtawa wa Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1494 alipiga chapa ufundi wa wachuuzi wale (hakuuvumbua yeye): kila mali huandikwa mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda. Madaftari ya kwanza yatiwe alama ya msalaba, alisema. Akawakemea wenye madaftari mawili, moja la kumwonyesha mnunuzi, moja muuzaji, nao huyaapia yote. Hapo darasa hucheka: mchezo huo wanaujua sokoni.