Mizani, Futikamba na Gauni Linalopwaya (Sehemu ya 3)

Tangu niweke sehemu ya pili, swali lililonijia kuliko yote ni hili, kila mtu kwa maneno yake: "Nesi, natembea kila siku, soda nimeacha, lakini mizani imegoma palepale. Cha ajabu gauni linapwaya. Sasa nimepungua au sijapungua?"

Umepungua. Ila sitaki uniamini kwa sababu tu navaa sare ya hospitali. Swali lako lina historia ndefu. Waliolihangaikia kabla yako ni pamoja na madaktari wa jeshi la majini, kampuni ya bima, na profesa mmoja hapo jirani Kampala. Weka chai, tukae.

Tuanze na mizani yenyewe. Kule Italia alikuwepo daktari mmoja, Santorio, aliyejipima uzito kwa miaka mingi. Alining'iniza kiti kwenye mizani kubwa, akawa anakalia hicho wakati wa kula. Kitabu chake kilitoka mwaka 1614. Na wala hakuwa anatafuta kupungua! Alikuwa anashangaa kwamba alichokula kilikuwa kizito kuliko alichotoa chooni, akataka kujua kingine kimeenda wapi. Mizani ilianza hivyo, kama chombo cha mtu mdadisi.

Miaka ya 1830, Mbelgiji aitwaye Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu, akaona kwamba kwa watu wazima uzito unaendana na urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Hiyo ndiyo hesabu unayoandikiwa leo kwenye faili kama BMI. Quetelet alikuwa anamtafuta "mtu wa wastani" katika jamii, hakuwa na mgonjwa mbele yake. Jina BMI lenyewe lilikuja mwaka 1972, pale Ancel Keys wa Marekani na wenzake walipolinganisha hesabu mbalimbali za uzito na urefu kwa wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano. Umelisoma vizuri hilo neno? Wanaume. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja kwenye hesabu ile, sembuse mama wa watoto watatu anayenyonyesha.

Na kabla BMI haijapata jina, uzito "sahihi" ulitoka wapi? Kwenye bima. Kampuni ya bima ya maisha ya Metropolitan Life ya New York ilitoa majedwali yake, ya wanawake mwaka 1942 na ya wanaume mwaka 1943. Unatafuta urefu wako, unatafuta kama umbo lako ni dogo, la kati au kubwa, halafu unasoma uzito unaotakiwa kuwa nao. Namna ya kujua umbo lako ni lipi kati ya hayo matatu, hawakueleza. Uzito wenyewe ulikuwa wa mtu mwenye nguo, na urefu wa mtu mwenye viatu. Bima ilitaka kujua nani atakufa mapema ili wapange malipo. Hilo ni la biashara na siwalaumu. Lakini majedwali yakatoka ofisini kwao, yakaingia kliniki, yakaingia kwenye magazeti ya akina mama, na wanawake wengi wakalala njaa kwa ajili yake.

Sasa sikia hii, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwaka huohuo wa 1942, daktari wa jeshi la majini la Marekani, Albert Behnke, na mwenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya wachezaji 25 wa ule mpira wao wa Marekani, wanaume wakakamavu wanaolipwa kwa kukimbia na kugongana. Kwa viwango vya uzito vya wakati ule, 17 kati yao walihesabika wanene mno. Hawakufaa jeshi, wala hawakufaa bima ya daraja la kwanza! Behnke akawapima wakiwa ndani ya maji. Kwa nini maji? Kwa sababu mafuta yanaelea na misuli inazama. Mama yeyote aliyeacha supu ya nyama ipoe usiku anajua mafuta huwa yanakaa wapi asubuhi. Ikaonekana wengi wa wale "wanene" walikuwa na mafuta kidogo tu. Uzito wao ulikuwa nyama na mifupa.

Hapo ndipo gauni lako linapoingia. Kilo moja ya mafuta inachukua nafasi kubwa kuliko kilo moja ya msuli. Ukianza kutembea, kupanda ngazi, kubeba ndoo, na kula vizuri, mafuta yanapungua na msuli unaweza kuongezeka kidogo. Mizani inajumlisha vyote pamoja na kukuonyesha namba ileile ya mwezi jana. Halafu kuna maji. Siku za kukaribia hedhi, au ukila vyenye chumvi nyingi, uzito unapanda bila gramu moja ya mafuta kuongezeka.

Sisi wauguzi wa watoto hili la maji tunalijua kwa machungu. Miaka ya 1930, daktari Cicely Williams, akiwa Ghana ya leo, aliandika kuhusu watoto waliovimba miguu na uso kwa utapiamlo, akatumia jina wanalotumia Waga wenyewe: kwashiorkor. Mtoto wa namna hiyo ukimweka kwenye mizani anaweza kuonekana ana uzito wa kuridhisha, kumbe ni maji. Akianza matibabu, siku za mwanzo uzito unashuka, maana maji yanatoka. Mama akiona karatasi ya uzito imeshuka anashtuka: "Nesi, mbona mnanimalizia mwanangu?" Hapana mama, ndiyo anapona. Mizani inasema ni kilo ngapi, haisemi kilo za nini.

Sasa futikamba iliingiaje? Huku kwetu zamani mwili ndio uliokuwa kipimo cha vitu. Nguo ilipimwa kwa shubiri na kwa mkono: shubiri mbili ni mkono, mikono minne ni pima. Fundi cherehani na futikamba yake akageuza mambo, kitambaa kikaanza kukatwa kufuata mwili. Na bibi zetu wengine walikuwa na chao: uzi au shanga kiunoni mwa mtoto. Uzi ukibana, mtoto anakua. Ukilegea, kuna tatizo. Sitacheka kipimo hicho hata siku moja, kwa sababu wataalamu walikuja kufika karibu na palepale.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Derrick Jelliffe alikuwa profesa wa magonjwa ya watoto Makerere. Shida yake ilikuwa ya kawaida kabisa: utapimaje watoto wa kijiji kizima wakati mizani ni nzito, inaharibika njiani, na umri wa mtoto haujulikani? Kitabu chake cha kupima hali ya lishe ya jamii, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1966, kilisaidia sana kukipa heshima kipimo cha mzunguko wa mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano mkono huo hubadilika kidogo tu, kwa hiyo hata usipojua mtoto alizaliwa lini, utepe unakwambia. Wakati wa vita vya Biafra kule Nigeria kipimo cha mkono kilitumika kuchagua watoto wa kupewa chakula kwanza. Leo ndio ule utepe wa rangi anaotembea nao mhudumu wa afya kijijini kwako. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na hapo hatusubiri mizani wala kesho.

Kwa hiyo katika hospitali, utepe ulipata heshima kwa kutafuta watoto wanaokufa njaa. Kwa watu wazima ulikuja kutafuta tatizo la upande wa pili.

Mwaka 1947, daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, aliandika jambo alilokuwa ameliona kwa wagonjwa wake. Watu wawili wanaweza kuwa na uzito sawa, mmoja mafuta yamekaa tumboni na sehemu ya juu ya mwili, mwingine yamekaa nyongani na mapajani. Yule wa tumbo ndiye anayepata kisukari na magonjwa ya mishipa ya damu zaidi. Akaandika tena kwa Kiingereza mwaka 1956. Wengi hawakumjali, kila mtu alikuwa amekazana na mizani.

Ilichukua muda mrefu. Mwaka 1984, watafiti wa Gothenburg, Sweden, walitoa matokeo mawili: wanaume 792 waliofuatiliwa miaka 13, na wanawake 1,462 waliofuatiliwa miaka 12. Waliopimwa kiuno kikaonekana kikubwa ukilinganisha na nyonga ndio waliopata zaidi mshtuko wa moyo. Kwa wanawake, hata ukiondoa suala la unene wa jumla, kiuno bado kilisema kitu. Vague alikuwa sahihi. Sababu ni kwamba mafuta ya ndani ya tumbo yamezunguka utumbo na ini, na yanavuruga kazi ya insulini. Ya mapajani ni mapole zaidi. Nyie mnaochukia mapaja yenu, naomba muyaombe radhi.

Mwaka 1995 watafiti wa Glasgow wakapendekeza namba rahisi: mwanamke akifika sentimita 80 aanze kujiangalia, 88 apate msaada. Mwanaume 94, na 102. Zimeenea dunia nzima. Lakini ni miili ya Waskoti hiyo! Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipopanga viwango kwa makabila ya dunia, miaka ya 2005 na 2006, sisi wa kusini mwa Sahara tukaandikiwa tutumie vya Ulaya hadi takwimu zetu zipatikane. Zimeanza kupatikana. Utafiti uliotoka mwaka 2018, uliounganisha takwimu za nchi kadhaa za huku kwetu, ulipata kwamba hatari inaanza kama sentimita 81, kwa wanawake na kwa wanaume. Kwa hiyo baba unayejisifu una 90 na bado hujafika 94, sogea karibu, tuongee.

Namna ya kupima sasa, maana mafundi wenyewe hupima tofauti. Simama, vua au pandisha nguo. Tafuta mwisho wa mbavu kwa pembeni, tafuta juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati ya hapo. Utepe ulale sawa mbele na nyuma, uguse ngozi bila kubana. Toa pumzi kawaida, soma. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekuangalia. Pima nyonga pia pale palipo panene zaidi, andika na tarehe. Mara moja kila wiki mbili au nne inatosha, saa ileile, asubuhi kabla ya kula. Anayejipima kila siku anapima chakula cha jana na choo ambacho hajapata.

Kama huna futikamba, chukua uzi. Ukate urefu wako sawasawa, kisigino hadi utosi, ukunje mara mbili. Nusu hiyo ikizunguka kiuno chako na kukutana, vizuri. Isipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu. Kipimo hiki kilitetewa sana na Margaret Ashwell wa Uingereza tangu miaka ya 1990, na mwaka 2022 mamlaka ya miongozo ya afya ya huko ikakiweka kwenye ushauri wake. Bibi mwenye uzi wake wa shanga asingeshangaa.

Mjamzito, weka utepe kabatini. Uliyejifungua juzi pia: mji wa mimba unachukua kama wiki sita kurudi, na misuli ya katikati ya tumbo ikiwa imeachana, kiuno kinaonekana kikubwa bila mafuta kuongezeka. Kujifunga kanga ni sawa kama inakupa raha ya mgongo, ila kanga haiyeyushi mafuta. Ukiibana sana inakuzuia hata kupumua, na hapo sikubaliani na mama mkwe yeyote.

Na hili naomba ulisome mara mbili. Kama tumbo linakua huku mikono, uso na mapaja vinakonda, hiyo si habari ya unene. Inaweza kuwa maji tumboni au uvimbe. Na kama unapungua haraka bila kujitahidi, gauni linapwaya na wewe hujabadilisha chakula wala mwendo, usipokee pongezi za mtaani. Njoo upimwe sukari, kifua kikuu, VVU, na vingine daktari atakavyoona. Wewe uliyeniuliza swali la mwanzo unajua ulichofanya hadi gauni likapwaya. Asiyejua kwa nini limepwaya, hata leo jioni si mapema mno.

Sehemu ya 4 Jumapili, Mungu akipenda. Zamu yangu ni ya usiku wiki hii, kwa hiyo maswali nitajibu mchana nikiamka.