Pete Isiyofunga

Andreas Vesalius alipofundisha anatomia huko Padua, aliweka kichwa cha kondoo au cha ng'ombe kando ya maiti ya mtu. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, alikuwa ameandika kwamba chini ya ubongo kuna wavu wa vijishipa ambamo roho ya uhai huchujwa ikawa roho ya akili. Kwa maiti wavu haukuonekana, basi mwalimu aligeukia kichwa cha mnyama, akauonyesha humo, somo likaendelea. Mwaka 1543, katika kitabu chake kikubwa, Vesalius aliufichua mwenyewe mchezo huo. Berengario da Carpi wa Bologna alikuwa amekwisha kuukana wavu tangu 1521, baada ya kupasua vichwa vingi asiukute.

Wavu wenyewe upo. Mbuzi anao, kondoo anao, swala anao, na kazi yake mojawapo ni kupoza damu kabla haijafika ubongoni. Imesemwa kwamba ndiyo maana swala tomi aweza kumkimbia duma jua la utosi, mwili ukawaka na ubongo usidhurike. Galen, aliyekuwa akipasua wanyama, aliona sawasawa. Alipokosea ni pale alipoutwaa mwili wa ng'ombe akaufanya wa mtu. Naona kosa la namna hiyo, la kuuweka mwili mmoja mahali pa miili yote, limezifuata mila nyingi za tiba, hata ile iliyojivunia kulisahihisha.

Waarabu walimpokea Galen kupitia tafsiri za Hunayn ibn Ishaq wa Baghdad, na wavu ukaingia katika Kanuni, kitabu cha tiba cha Ibn Sina. Lakini Misri, njaa kubwa ya miaka ya 1200 hadi 1202 iliacha mifupa ya watu imelundikana nje, na tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi akaenda kuitazama. Galen alisema taya la chini lina mifupa miwili. Abd al-Latif alikagua fuvu kwa fuvu, akakuta mmoja tu, akaandika kwamba macho yana haki kuliko kitabu. Karibu miaka 600 baadaye, huko China, Wang Qingren alifanya vilevile: mwaka 1797 maradhi yaliua watoto wengi, akazitembelea maiti zilizozikwa juujuu na kufukuliwa na mbwa, kisha 1830 akatoa kitabu cha kusahihisha makosa ya waganga waliomtangulia.

Nampenda Wang kwa ushupavu wake, ila hata yeye maiti zilimchezea. Mtu akifa, ateri hubaki karibu tupu, kwa hiyo alihitimisha kwamba zinapitisha hewa. Erasistratus, Mgiriki wa Alexandria, alikuwa amesema hivyohivyo miaka 2,000 kabla yake. Watu wawili wasiojuana hata kidogo waliangukia shimo moja, kwa kuwa wote walimhoji mfu juu ya mambo ya aliye hai.

Mila nyingine hazikushughulika sana na mishipa. Ziliuliza mgonjwa amepigwa na nini. India, vitabu vya Charaka na Sushruta vinakitaja kiharusi cha upande mmoja kuwa kazi ya vata, nguvu ya upepo iliyovurugika mwilini. China ya kale ilisema mtu amepigwa na upepo wa nje, mpaka baadhi ya waganga kuanzia karne ya 12 walipoanza kumtafuta adui ndani: moto, makohozi, udhaifu. Pwani yetu pia ina upepo mbaya na jini, na ina kombe la kunywa na waganga wa kupunga. Utafiti uliochapishwa 2008 ulilinganisha wakazi wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kuhusu maelezo wanayotoa juu ya kiharusi. Waliotaja zaidi majini na uchawi walikuwa watu wa jijini. Wa kijijini walisema presha. Matokeo hayo yanawatia aibu wanaodhani imani hizo hukaa shambani tu.

Simwambii mtu aende kupungwa. Upepo hauonyeshi damu imekwama wapi, na presha, ambayo ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi kwetu, haipungi mtu akaimaliza. Lakini mganga anajibu swali ambalo hospitali mara nyingi hulikwepa: kwa nini huyu, na jirani yake mwenye presha ileile ameachwa?

Sehemu ya jibu ilikuwa mezani pa Thomas Willis, daktari wa Oxford. Mwaka 1664 alitoa kitabu cha anatomia ya ubongo chenye michoro ya Christopher Wren. Humo karotidi mbili za shingoni na ateri mbili zinazopanda ndani ya pingili za shingo zinaungana chini ya ubongo na kufanya pete. Hakuwa wa kwanza kuieleza; Johann Jakob Wepfer wa Schaffhausen, aliyewapasua waliokufa kwa kiharusi akakuta damu imevujia ubongoni, alikuwa ameandika juu ya mishipa hiyo 1658. Willis ndiye aliyeelewa pete ina faida gani. Alimpasua mtu aliyekufa kwa maradhi ya tumbo, akakuta karotidi ya kulia imeziba karibu yote, na mtu huyo hakuwahi kupooza. Ateri ya pingili ya upande huohuo ilikuwa imenenepa mara 3 ya mwenzake. Njia moja ilifungwa, nyingine ikapanuka.

Mchoro ukaingia vitabuni, na pete kamili ikawa pete ya kila mtu. Kumbe sivyo. Ukikagua miili mingi, pete iliyo sawa na ya kitabuni hupatikana kwa chini ya nusu ya watu. Kwa wengine kiungo cha nyuma ni uzi tu, au hakipo. Kwa wengine ateri ya nyuma ya ubongo haijaacha desturi ya tumboni mwa mama: ingali inapata damu yake kutoka karotidi, kwa hiyo bonge la damu lililotoka shingoni mbele laweza kuharibu eneo la kuonea lililo kisogoni. Ateri ya pingili ya kulia mara nyingi ni nyembamba kuliko ya kushoto, na mara chache huwa nyembamba mno. Wenye maumbile hayo wengi huishi miaka yao yote bila kujua. Tofauti hujitokeza siku njia kuu inapoziba: mwenye viungo vizuri hupata muda, asiye navyo ubongo wake hufa upesi. Ndiyo maana majaribio mawili yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha, bonge laweza kuvutwa nje hata saa nyingi zikiwa zimepita, katika jaribio moja karibu 24, ilhali kwa mwingine saa 3 zimeshachelewa.

Kuna tofauti moja ambayo ningependa kila daktari wa zamu aikumbuke. Gérard Percheron, Mfaransa, alieleza katika miaka ya 1970 ateri moja inayolisha thalamasi zote mbili, sehemu za katikati ya ubongo, kulia na kushoto, badala ya kila upande kuwa na yake. Ikiziba, mara nyingi mkono haulegei wala mdomo haupindi. Mgonjwa husinzia mchana kutwa, hupoteza kumbukumbu, macho hayapandi wala kushuka vizuri, na picha ya kwanza ya CT mara nyingi hutoka safi. Ndugu wakisema amerogwa, mimi siwacheki.

Na kuna mahali kwenye pete ambapo nchi mbili za mbali zilikuta jambo lilelile. Madaktari wa Japani walieleza watoto na vijana ambao karotidi zao zinasinyaa mwishoni, pale zinapoingia kwenye pete, na vijishipa vingi vya kusaidia vikaota. Mwaka 1969 Suzuki na Takaku waliupa ugonjwa huo jina la moyamoya, kwa jinsi vijishipa hivyo vinavyofanana na moshi kwenye picha. Mwaka 2011 jini, hili la urithi, lilipatikana: RNF213. Hapa Tanzania, mojawapo ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, kusinyaa huko hutokea mahali palepale kwa sababu nyingine kabisa, chembe zenye umbo la mundu zinapoumiza ukuta wa mshipa. Tena kunaweza kujulikana mapema. Jaribio la Marekani lililochapishwa 1998 lilipima kwa mawimbi ya sauti kasi ya damu ndani ya fuvu. Watoto waliofikia sentimita 200 kwa sekunde au zaidi walipoongezewa damu mara kwa mara, kiharusi kilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mahali ambapo damu ya kuongezewa ni adimu, Nigeria imejaribu haidroksiyurea, dawa ya kumeza.

Idara ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Nairobi imekuwa ikichapisha maumbile ya ateri za Wakenya, moja baada ya nyingine. Kazi ya namna hiyo haiwi habari ya gazeti. Lakini daktari anayepitisha katheta kutoka pajani hadi kichwani anahitaji kujua njia atakazokuta kwa mgonjwa huyu, na atlasi nyingi zilizo kwenye rafu zake zilichorwa kutokana na maiti za Ulaya.