Harewood, jumba la sukari

Barabara ya Leeds kwenda Harrogate, kaskazini mwa Uingereza, inapita mbele ya lango la Harewood. Ndani ya lango kuna bustani, ziwa na jumba la mawe ambalo wageni hulipa kiingilio kuliona. Lakini anayetaka kujua jumba hili lilitoka wapi asianzie langoni. Aanzie bandari ya Bridgetown, kisiwani Barbados, mwaka 1715, pale kijana wa Yorkshire aitwaye Henry Lascelles alipopata kazi ya kutoza ushuru wa forodha.

Kazi hiyo ilimweka kwenye mlango wa biashara yote ya kisiwa. Henry aliwekeza katika meli zilizobeba watumwa kutoka Afrika Magharibi, akauzia jeshi la majini vyakula, na zaidi ya yote akakopesha. Mwenye shamba la miwa alihitaji fedha kabla ya mavuno, hivyo aliweka rehani ardhi yake pamoja na watu waliofungwa kuilima. Aliyeshindwa kulipa alinyang'anywa vyote viwili. Kwa njia hiyo, miaka mingi baadaye, mashamba mengi ya Karibea yaliangukia mikononi mwa ukoo wa Lascelles.

Mwaka 1738 Henry alinunua ardhi ya Harewood. Hakujenga. Alifariki mwaka 1753, na mwanawe Edwin, mzaliwa wa Barbados, ndiye aliyeweka jiwe la msingi mwaka 1759. Aliita mabingwa wa zama zake: John Carr kwa ramani ya jumba, Robert Adam kwa mapambo ya ndani, na Lancelot Brown aliyechimba ziwa na kupanga vilima vionekane kana kwamba vimekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia.

Fenicha alizitengeneza Thomas Chippendale, fundi seremala aliyezaliwa Otley, mji ulio jirani. Kwenye ukumbi mrefu wa picha, tazama juu ya madirisha. Utaona kitambaa kizito kimening'inia, kina mikunjo na pindo. Sogea karibu: ni mbao tupu, zimechongwa na kupakwa rangi hadi jicho likakubali kuwa ni hariri. Mimi sijui kazi ya mikono inayonistaajabisha kuliko hiyo. Na siwezi kuisifu bila kuuliza nani aliilipia.

Waliilipia wakata miwa. Muwa ukishakatwa haungoji, maji yake huchacha upesi, kwa hiyo wakati wa mavuno vinu vilisaga usiku na mchana na masufuria yalichemka bila kuzimwa. Mtu aliyelisha kinu miwa akiwa na usingizi aliweza kupoteza mkono. Sukari ilipanda meli, fedha zikashuka Yorkshire, zikawa ziwa, zikawa pazia la mbao.

Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Walengwa walikuwa wamiliki. Mkuu wa ukoo wa Lascelles wakati huo, mwenye cheo cha Earl wa pili wa Harewood, alipokea zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu 1,277 waliokuwa kwenye mashamba yake ya Barbados na Jamaika. Watu hao wenyewe hawakupata hata senti moja. Msomaji wa pwani yetu ataitambua hesabu hiyo, kwa maana amri ya kukomesha utumwa Zanzibar ya mwaka 1897 nayo iliwafidia mabwana.

Yaliyofuata ni ya kawaida kwa majumba ya aina hii. Mwaka 1922 Binti Mfalme Mary, mtoto wa George wa Tano, aliolewa na mrithi wa Harewood. Earl wa sita alipofariki mwaka 1947, kodi ya urithi ililazimisha sehemu kubwa ya ardhi iuzwe. Tangu mwaka 1986 jumba limo chini ya wakfu. Ila jambo moja lisipitwe haraka: mali ya mwisho ya ukoo huu huko Barbados iliuzwa mwaka 1975. Wapo wasomaji wa makala haya waliokuwa wamekwisha kuzaliwa.

Miaka ya karibuni picha mpya zimetundikwa humo. Mojawapo, ya mwaka 2023, ni ya mwigizaji David Harewood, ambaye mababu zake walikuwa watumwa kwenye shamba la kina Lascelles na ambaye jina lake la ukoo ni la jumba lenyewe. Mwaka huohuo David Lascelles, Earl wa nane, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la warithi wa wamiliki wa watumwa linalounga mkono madai ya fidia.

Nafurahia picha hizo, lakini hazitoshi. Kuanzia mwaka 1817 sheria iliwataka wamiliki wa Barbados kuorodhesha watumwa wao kwa jina na umri, na madaftari hayo yamehifadhiwa London. Kwa hiyo majina ya watu wa mashamba ya Lascelles yanapatikana. Yaandikwe ukutani kwenye ukumbi ule mrefu, yote, kwa herufi kubwa za kusomeka kutoka mlangoni.