Majivu, Mpapai na Kopo la Bibi

Siku moja nilimlalamikia bibi yangu, ambaye sisi kwa Kiganda tunamwita jjajja, kwamba sukari imepanda bei. Alicheka. "Dukani ipo?" Nikamjibu ipo. "Basi, mjukuu wangu, hujaona kitu."

Bibi aliolewa mwaka 1970, karibu na Masaka. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilikuwa mali ya familia za Madhvani na Mehta. Maduka mengi ya mjini pia yalikuwa ya Wahindi. Yakagawiwa wenyewe wapya, wengi wao askari wasiojua biashara. Wakauza vilivyokuwamo, na rafu zikabaki tupu. Sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa vikawa vya foleni au vya magendo.

Hayo nilifundishwa darasani. Jinsi watu walivyofua nguo sikufundishwa.

Bibi alifua kwa majani ya mpapai, akiyaponda majini. Maganda makavu ya maharage aliyachoma, akayamwagia majivu maji, akayachuja, na maji hayo akapikia mboga badala ya chumvi. Chai walikunywa bila sukari huku wakitafuna muwa. Kiberiti hakikuwashwa ovyo: jioni mtoto alitumwa kwa jirani kuomba moto, akarudi nao mbio ndani ya nyasi kavu. Koroboi ilikuwa moja tu, nayo ilizimwa mara chakula kilipoliwa.

Nikamuuliza: kama hamkununua kitu, fedha za kahawa zilikwenda wapi?

Akanyamaza kidogo. Zilikwenda kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Waliendelea kujaza kopo hilo hata baada ya Amin kuondolewa mwaka 1979, na huku bei zikipanda, noti zilikuwa zikipungua nguvu humohumo. Kisha Mei 1987 serikali ikabadili fedha. Sifuri mbili ziliondolewa, na asilimia 30 ikakatwa kuwa kodi. Babu alipeleka shilingi 400,000, akarudi na 2,800. Sifuri zilipungua kwenye bei pia, hilo naelewa, lakini ile theluthi karibu nzima ilikwenda moja kwa moja. Ilikuwa ada ya mama yangu. Aliacha shule akiwa kidato cha pili.

Nilidhani bibi angejutia miaka ile ya chai chungu. Hapana. Anachojutia ni kutonunua ng'ombe.

"Ng'ombe hana sifuri," akasema, akainuka kwenda kutazama jiko.

Kopo analo mpaka leo. Anawekea mbegu za maharage.