Reli za Uingereza Katika Miaka ya Giza

Reli haiendi bila mwanga. Dereva hutafuta taa za ishara, abiria hutazama ukingo wa jukwaa, na tanuri la makaa haliwezi kuzimwa njiani. Ndiyo maana amri ya kuzima taa, iliyoanza kutumika Uingereza Septemba 1, 1939, siku mbili kabla ya nchi hiyo kutangaza vita, iliwabana watu wa reli kuliko karibu wafanyakazi wengine wote. Siku hiyohiyo serikali ilishika usimamizi wa makampuni makubwa ya reli, na siku hiyohiyo treni zikaanza kuwaondoa watoto mijini. Katika siku chache, watu wapatao milioni 1.5, wengi wao watoto wa shule, walipelekwa mashambani.

Usiku, turubai zilitandwa juu ya kibanda cha dereva ili rubani wa adui asiuone mwako wa tanuri. Chini yake dereva na mchochea moto walipikwa na joto. Ndani ya mabehewa ziliwashwa taa hafifu za buluu. Mwaka 1940, kwa hofu ya uvamizi, mabango ya majina ya stesheni yaling'olewa, abiria wakabaki kutegemea sauti ya mpagazi akitaja jina gizani. Kingo za majukwaa zilipakwa rangi nyeupe, na bado watu walianguka relini.

Mabomu yalipoanza kumiminika Septemba 1940, mwenye zamu katika kibanda cha ishara hakuweza kukimbilia handakini, kwa kuwa treni zilimtegemea. Usiku wa Septemba 26, huko Birkenhead, bomu la moto lilijipenyeza kati ya mabomu mazito yaliyopakiwa kwenye behewa. Norman Tunna, mfanyakazi wa kupanga mabehewa, alipanda juu, akayatenganisha mabomu kwa gongo la breki, akalitoa lile linalowaka na kulitupa nje. Alitunukiwa Msalaba wa George, nishani ya ushujaa. Alikuwa mfanyakazi wa yadi ya mizigo, wala kazi yake haikuwa kutegua mabomu.

London ilikuwa na mahandaki tayari: reli ya chini ya ardhi. Serikali haikutaka yatumike. Iliogopa kwamba watu wakishateremka watakataa kutoka, na treni zitakwama. Wananchi hawakubishana nayo. Walikata tiketi za bei ndogo, wakashuka na mablanketi, wakalala. Kufikia mwishoni mwa Septemba, watu wapatao 177,000 walilala humo kwa usiku mmoja. Baada ya hapo ndipo vitanda, vyoo na treni za chakula vikaletwa. Naamini sifa ya uamuzi wa kujikinga humo ni ya wananchi kwanza. Hata hivyo, chini ya ardhi hapakuwa salama kabisa: Oktoba 14, bomu lilitoboa barabara juu ya stesheni ya Balham, maji na udongo vikaingia, na zaidi ya watu 60 wakafa.

Lakini msiba mkubwa zaidi haukuletwa na bomu. Bethnal Green, mashariki mwa London, ilikuwa stesheni ambayo ilikuwa haijafunguliwa kwa treni, ikitumika kama kimbilio. Jioni ya Machi 3, 1943, mvua ilikuwa imenyesha, ving'ora vikalia, kisha kutoka bustani ya karibu ukasikika mngurumo mgeni wa roketi za kutungulia ndege. Umati uliharakisha kuteremka ngazi zenye utelezi, zilizomulikwa na balbu moja hafifu, bila kishikio katikati. Mwanamke mmoja alianguka, wa nyuma wakamwangukia. Watu 173 walikufa kwa kukosa hewa, 62 kati yao watoto. Hakuna bomu lililoanguka hapo jioni ile.

Baraza la mtaa lilikuwa limeomba ruhusa ya kuimarisha lango hilo mwaka 1941, likakataliwa. Ripoti ya hakimu Laurence Dunne kuhusu msiba huo ilizuiwa hadi Januari 1945, na kwa muda wote huo wafiwa walisikia minong'ono kwamba ndugu zao walikufa kwa sababu ya kuingiwa na hofu. Ngazi zilirekebishwa mapema kuliko jina la waliokufa lilivyosafishwa: ziliwekewa vishikio, taa bora, na mistari myeupe kwenye kila kidato.